Upepo Kifuani, Figo Mgongoni: Kweli na Uongo wa Wamotari wa Masisi na Walikale

Saa kumi na moja alfajiri pale Sake, mashariki mwa Kongo, kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea Mushaki, motari aliyenibeba alisimamisha pikipiki yake ya TVS pembeni, akafungua zipu ya jaketi na kuchomoa kipande cha katoni. Kilikatwa kwenye boksi la sabuni. Kilikuwa kimekunjika katikati kwa kutumika, na pembe zake zimelainika kama kitambaa. Akakilaza upya juu ya kifua, akafunga zipu mpaka kidevuni, kisha akanigeukia: "Papa, na wewe ungevaa kimoja. Huko juu upepo unaingia mpaka kwenye mapafu."

Nilikataa, nikatetemeka mpaka Bihambwe. Kuhusu baridi alisema kweli tupu. Kuhusu mapafu alikosea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini yale ambayo wamotari huambiana kwenye parkingi, wakisubiri abiria au wakisubiri mvua ipite, na kila nilipokutana na muuguzi au daktari nilimuuliza lipi ni kweli na lipi si kweli. Nimegundua jambo moja. Uongo unaodumu kati yao ni ule unaomruhusu mtu asishuke kwenye pikipiki. Ukiambiwa maumivu yako yanatibika kwa kidonge cha bei ya andazi, utapumzika kwa nini? Na motari anayeendesha pikipiki ya patroni, anayedaiwa hesabu kila jioni, anahitaji sana kuambiwa hivyo.

Barabara yenyewe haimhurumii. Kutoka Sake inapanda Mushaki, inapita Bihambwe penye njia panda ya Rubaya, inafika Masisi, inaendelea Nyabiondo na Kashebere, kisha inateremkia msitu wa Walikale. Huku juu ni malisho ya ng'ombe na vilima vinavyopita mita 2,000. Kule chini ni joto la msitu, chini ya mita 1,000. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo lori linazama mpaka ekseli, na kinachopita ni pikipiki. Fromaji ya Masisi inashuka kwa pikipiki, chumvi na sabuni vinapanda kwa pikipiki, mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika hospitali kwa pikipiki. Vita vilipofika Masisi Januari 2025, na Walikale Machi mwaka huohuo, wengi walikimbia kwa pikipiki hizohizo, watoto wawili mbele na godoro nyuma. Mwili wa motari unabeba watu wengi mno kuachiwa uvumi uutibu.

«Upepo wa kifuani unaleta nimonia, na karatasi inauzuia.» Si kweli.

Nimonia huletwa na vijidudu, bakteria au virusi. Mtu huvivuta kutoka kwa anayekohoa karibu naye, au tayari vinakaa puani na kooni mwake vikisubiri kinga ilegee. Upepo unaopiga kifua kwa nje haupenyi mbavu ukafika kwenye pafu. Hewa ya baridi inapitia pua na mdomo, na huko katoni haifiki. Kinacholegeza mapafu ya motari ni vumbi la kiangazi, moshi wa lori analolifuata kilomita nzima bila nafasi ya kulipita, na sigara anayovuta ili apashe mikono.

Hata hivyo sikumwambia aivue. Mtu aliyepoa mwili vidole vyake hukakamaa, na vidole vilivyokakamaa huchelewa kushika breki. Katoni chini ya jaketi inatunza joto, na glavu zinafaa zaidi ya katoni. Ubaya wa imani hii uko kwingine: inaficha kifua kikuu. Motari anakohoa mwezi mzima, anasema ni upepo wa Mushaki, anaongeza katoni ya pili. Wiki zinapita, anakonda, usiku anaamka shuka limelowa jasho, na wakati huo analala chumba kimoja na mke na watoto, na mchana abiria amekaa ameegemea mgongo wake. Kikohozi kinachopita wiki mbili hakina tena haki ya kuitwa upepo. Kinahitaji makohozi yapimwe. Kupitia mpango wa taifa wa kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Nawahimiza hasa wanaofanya safari za Rubaya, ambao hubeba wachimbaji waliokwisha kuvuta vumbi la mashimoni na kulala wakibanana kwenye vibanda.

«Glasi moja ya kanyanga inapasha mwili moto.» Si kweli, na hapa ni hatari.

Joto analolisikia ni la ngozi. Pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya moto inatoka ndani inakuja juu, uso unawaka, na mtu anaona ameshinda baridi. Kumbe joto la moyo na la tumbo ndilo linalotoka nje, na kwenye mwendo upepo unalichukua palepale. Baada ya muda mfupi amepoa kuliko asiyekunywa, na hajui, kwa sababu pombe imemnyamazishia hata kutetemeka. Hapo sijagusa macho yanayochelewa kuona shimo. Chai ya moto yenye sukari, au uji, hufanya ile kazi inayodhaniwa kufanywa na kanyanga.

«Mgongo ukiuma, figo zimeharibika.» Karibu kila mara si kweli.

Hili ndilo nililolisikia kuliko yote. Motari akishuka jioni ameshika kiuno, hasemi mgongo unauma. Anasema, "Figo zangu." Nadhani chanzo ni lugha. Mfaransa akisema anaumwa «reins» anaweza kuwa anasema figo, na anaweza kuwa anasema kiuno. Neno ni lilelile. Waganga wetu walisomea Kifaransa, neno likaandikwa kwenye fishi za wagonjwa, na lilipovuka kuingia Kiswahili likafika likiwa figo peke yake. Ni kosa dogo la tafsiri, lakini limewagharimu watu wengi.

Kinachouma, mara nyingi kupita kiasi, ni misuli ya kiuno na vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili inabeba watatu na gunia la viazi. Abiria wamemsukuma motari mpaka amekalia tangi, mgongo umepinda, mikono imenyooka kama anasukuma ukuta. Amotisere zilikufa zamani, hivyo kila jiwe linalopigwa na gurudumu linapiga pia kiti, kiti kinapiga kiuno, na kati ya Sake na Masisi mawe hayahesabiki. Mwili wa kijana wa miaka 22 unavumilia. Akifika 30 anaamka kama mzee.

Figo zikiumwa kweli, dalili zake ni nyingine. Uso unavimba asubuhi, miguu inavimba jioni, mkojo unatoa povu jingi au una damu, au mtu ana homa kali pamoja na maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu. Tena figo huweza kufa kimya kabisa, bila maumivu yoyote, kwa sababu ya presha ya juu au kisukari kisichotibiwa. Ndiyo maana kupima presha mara moja kwa mwaka kunamlinda motari kuliko kujipapasa kiuno kila siku.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma zaidi. Motari anayeamini figo zake zimeharibika anakwenda kwenye famasi ya kando ya barabara, anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Maumivu yanatulia, kesho anarudi tena, na keshokutwa. Dawa hizi, pamoja na faida zake, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu aliyekunywa maji vizuri, akazimeza siku chache kwa kipimo, kwa kawaida hapati shida. Lakini aliyekaushwa na jua kutwa nzima, akizimeza kila jioni miezi na miezi, anaweza kuziua figo zilizokuwa nzima. Anatibu ugonjwa asio nao kwa dawa inayouleta. Wengine huona kidonge ni dhaifu, wakataka sindano ya tako, wakachomwa na mtu asiyejua mshipa mkubwa wa fahamu unapita wapi. Nimeona kijana anayeburuza mguu kwa sindano ya namna hiyo.

Kinachosaidia hakina heshima ya dawa, na labda ndiyo sababu hakisambai: kushuka kila baada ya saa moja hivi na kujinyoosha, hata kama ni pale unaposimama kwenye baryeri, kukataa abiria wa tatu, kutengeneza amotisere kabla ya kununua redio, kulala ubavu. Na kuna dalili tatu za mgongo ambazo hazingoji kesho: mguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja, na mkojo kushindwa kushikika au kushindwa kutoka. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo.

«Tramadol inaongeza nguvu.» Si kweli.

Tramadol ni dawa ya maumivu makali, kama yale ya baada ya upasuaji. Kampuni ya Kijerumani, Grünenthal, ilianza kuiuza mwaka 1977. Ni ndugu wa morfini. Haimuongezei mtu nguvu hata chembe. Inamziba masikio asisikie mwili wake unavyolia. Motari aliyemeza anaweza kuendesha mpaka usiku bila kusikia njaa wala kiuno, na akadhani amepata nguvu, wakati uchovu uko palepale ukimngojea kwenye kona.

Kwa mtu mzima kipimo cha siku nzima hakitakiwi kupita miligramu 400, na huo ni mpaka wa mgonjwa anayesimamiwa na daktari. Anayejipimia mwenyewe hupandisha kidogo kidogo, kwa sababu mwili unaizoea. Ikizidi inaweza kumwangusha mtu kwa degedege kama mwenye kifafa, na ikichanganywa na pombe inaweza kumsahaulisha kupumua. Asiyeipata asubuhi anatoka jasho, anatetemeka, anaharisha, mifupa yote inauma, basi anasema, "Unaona? Bila dawa siwezi kazi." Hapo ameshakamatwa. Anayetaka kuacha asiache ghafla peke yake baada ya miezi mingi. Amwendee mganga amwambie ukweli, ampunguzie kidogo kidogo. Mganga anayemkaripia mtu kama huyo anamrudisha kwa muuza vidonge.

Hapohapo niutaje usingizi, maana ndio unaosukuma vidonge hivi vyote. Watafiti wamepima watu waliokesha: mtu aliyekaa macho saa 17 hujibu polepole sawa na aliyekunywa pombe mpaka gramu 0.5 kwa lita ya damu. Motari anayeamka saa tisa usiku ili awahi Sake, na anayetaka kufika kabla ya giza kwa sababu ya usalama, anazifikia saa hizo 17 kabla hajala chakula cha usiku. Kahawa inamsaidia saa moja au mbili. Kuosha uso kunamsaidia dakika chache. Kinachoutoa usingizi mwilini ni kulala, na dakika 20 chini ya mti Nyabiondo ni za thamani.

«Usinywe maji njiani, utapoteza muda kwa mkojo.» Muda kweli unapotea, ushauri ni mbaya.

Mkojo uliokolea huacha chumvi zinazoganda kuwa mawe kwenye figo, na jiwe la figo likianza kushuka, mwanaume mzima analia kama mtoto. Anayekunywa glasi moja kutwa nzima kwenye joto la Walikale anapata pia kichwa kizito na mikono inayotetemeka. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo: ukiwa kama chai ya rangi, umekauka. Ila maji yawe yamechemshwa au yametiwa klorini, kwa sababu kipindupindu hakijatuacha.

«Malaria ni ya kunyeshewa, na mtu wa Masisi haimpati.» Uongo mara mbili.

Mvua haina malaria. Mvua inatengeneza vidimbwi, mbu aina ya anofelesi anataga humo, kisha usiku anatoka kumuuma mtu na kumwachia kimelea. Uhusiano upo, lakini unapitia kwa mbu, na ndiyo maana koti la mvua halijawahi kumkinga mtu na malaria.

Kuhusu Masisi, uongo huu una chembe ya ukweli, na chembe hiyo inaufanya uwe mkali zaidi. Baridi ya vilimani huchelewesha kimelea kukua ndani ya mbu, kwa hiyo juu kabisa malaria ni chache kuliko msituni, ingawa haikosekani. Lakini matokeo yake ni kinyume cha wanavyodhani watu. Aliyekulia Walikale ameumwa malaria tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kuivumilia kwa kiasi. Aliyekulia kwenye malisho ya Mushaki mwili wake hauijui. Akishuka na abiria, akalala usiku mmoja kwenye gesti isiyo na chandarua karibu na mto, huyo wa vilimani ndiye ambaye malaria inaweza kumpiga vibaya zaidi.

Halafu inamdanganya kwa tarehe. Kati ya kuumwa na mbu na homa hupita angalau siku saba, mara nyingi siku 10 hadi 15. Motari anarudi Masisi mzima, anafanya kazi, ananyeshewa mara mbili, na wiki ya pili anaanza kutetemeka. Bila shaka anailaumu mvua ya jana. Mke anamchemshia majani, jirani anasema ni tifo, na kile kipimo cha tifo kinachofanywa na karibu kila maabara ndogo kinasema ndiyo kwa watu wengi wasio nayo. Kwa hiyo anatibiwa tifo siku tano huku malaria inapanda kichwani. Nawaomba wake na mama za wamotari: mtu akipata homa, mwambieni mganga kwanza, "Alikuwa Walikale wiki mbili zilizopita." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha. Tone la damu lipimwe, na ikiwa ni malaria, dawa mseto imezwe siku zote tatu. Wengi huona nafuu siku ya pili, wakaweka vidonge vilivyobaki mfukoni kwa ajili ya safari ijayo. Hivyo hawajapona leo, wala hawatapona safari ijayo.

Kongo ni ya pili duniani kwa malaria, baada ya Nigeria. Katika kila wagonjwa 100 wa dunia nzima, kama 12 ni wetu. Chandarua kinakunjika kikaingia chini ya kiti cha pikipiki. Nimewaona wawili tu wanaofanya hivyo, na wote wawili walikuwa wamewahi kulazwa.

«Pikipiki inaua uzazi.» Kuna ukweli kidogo, na mengi yametiwa chumvi.

Korodani hukaa nje ya mwili kwa sababu mbegu za kiume zinahitaji ubaridi wa nyuzi chache chini ya joto la tumbo. Kukaa kutwa juu ya kiti cha moto, na suruali ya kubana, kunaweza kuzipunguza. Na kiti kigumu kikibana mishipa ya katikati ya mapaja, mtu husikia ganzi ambayo huondoka akipumzika; isipoondoka, ni ile ya mgongo inayohitaji hospitali. Mbegu mpya huchukua karibu miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo kinachoharibika kwa joto kwa kawaida hurudi mtu akibadilisha mazoea. Kinachoziba njia ya uzazi kabisa ni kisonono na klamidia zilizoachwa bila dawa, na hizo zinapatikana kwa wingi mahali penye machimbo na pesa ya haraka, iwe Rubaya au Mubi. Wapo wanaochagua mwenzi kwa macho, wakisema mtu mnene hana sida. Mtu mwenye virusi anaweza kuwa mnene, mzuri na mwenye nguvu miaka mingi. Macho hayapimi damu. Kapoti inakinga, na kipimo kinasema.

Wapo pia waliokataa chanjo kwa hofu hiyohiyo ya uzazi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 katika upande wetu huu wa mashariki, motari alikuwa hatarini kwa sababu alibeba wagonjwa kabla ya mtu yeyote kujua wanaumwa nini. Chanjo iliyotolewa wakati ule haikuondoa uanaume wa mtu. Waliochanjwa wamezaa, nao tunapanda pikipiki zao.

«Ukiungua na bomba la moshi, paka dawa ya meno.» Si kweli. Maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha kitambaa safi. Dawa ya meno, yai na oili ya injini hufungia joto ndani na kuingiza uchafu.

«Kaske inaziba masikio na kuvunja shingo.» Si kweli.

Utafiti uliokusanya ajali nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haikuonekana kuongeza majeraha ya shingo. Na sauti inayomchosha motari ni ya upepo masikioni, ambayo kaske inaipunguza. Lakini nimewasikiliza vizuri, na najua sababu nyingine: kwenye baryeri wanaamriwa kuivua ili uso uonekane, na kuvua na kuvaa mara kumi kwa siku kunachosha. Wanaitundika kwenye usukani, na hapo inaulinda usukani. Vua, onyesha uso, vaa tena. Sina njia nyepesi zaidi ya kulisema.

Abiria hulalamika kwamba kaske ya kuazima ina chawa na mapunye. Wana haki, mapunye huambukiza hivyo. Kitambaa chepesi kichwani kabla ya kaske kinatosha, na motari anayeanika kaske yake juani kila jioni atapendwa na wateja.

«Usiende hospitali na mfupa uliovunjika, watakukata mguu.» Si kweli, ingawa naielewa hofu hii.

Wapo waunga mifupa wenye mikono mizuri, na mfupa uliovunjika bila kuchomoza wala kupinda sana hupona kwao mara nyingi, maana mfupa wenyewe una hamu ya kuungana. Shida ni vijiti vilivyokazwa kupita kiasi. Mguu unavimba ndani ya kamba, damu inazuiwa, na vidole vinapoa, vinakuwa vyeusi, vinakufa ganzi. Anafikishwa hospitali siku ya nne, mguu umeoza, daktari anaukata ili mtu aishi, na kijijini inasimuliwa kwamba hospitali imekata mguu. Ukiwa kwa muunga mifupa, vidole vikipoa au vikifa ganzi, kamba zikatwe palepale, usisubiri asubuhi. Na mfupa uliotoboa ngozi haumhusu kabisa. Huo unahitaji kuoshwa hospitalini, dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda, mapema iwezekanavyo.

«Mwanamke aliyebakwa hapewi dawa bila karatasi ya polisi.» Si kweli.

Hili halihusu mwili wa motari, lakini yeye ndiye anayekutana na mama huyo njiani, na yeye ndiye anayeamua usukani uelekee wapi. Wengine huogopa kuulizwa maswali, wakampeleka kwa chefu au polisi kwanza, wakingoja kuche. Saa zinapotea. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ina faida. Humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba inafanya kazi mpaka saa 120, ila nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Tiba haingoji karatasi. Hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakisaidia tangu 2007, imewapokea wanawake wengi wa namna hiyo, na hawakudaiwa pesa. Saa 72 zinaonekana nyingi mpaka uhesabu usiku aliojificha shambani, siku aliyotembea, na mto uliojaa.

Motari wa katoni aliniambia aliwahi kumbeba mama mmoja kutoka upande wa Nyabiondo, usiku, bila nauli, polepole kwa sababu hakuweza kukaa vizuri. Hakumuuliza kitu njiani. Walipofika mahali barabara inapopanda alisimama, akafungua zipu, akampa ile katoni aivae kifuani, maana baridi ilikuwa kali.